Pasipoti Ndani ya Koti

Tangu siku walipovuka mpaka, pasipoti ya Myrsini haikupata kukaa mbali na kifua cha baba yake mkubwa. Ilihifadhiwa katika mfuko wa ndani wa koti zito la sufu, upande wa moyo, ukiwa umefungwa kwa pini mbili. Na Bwana Iordanis alikuwa na mazoea ya kuigusa kila aliposimama, kila alipoketi, na kila mtu alipomtabasamia pasipo sababu. Hamburg ilikuwa na watu wengi wanaotabasamu pasipo sababu.

Alikuwa amehudumu forodhani, katika bandari ya Volos, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo alikuta tumbaku ndani ya mikate, saa za mkono ndani ya matumbo ya samaki, na mara moja alikuta hariri imezungushiwa kiunoni mwa mjane aliyekuwa akilia kwa uchungu wa kweli. Hapo ndipo alipojifunza kwamba machozi hayazuii magendo. Kwa hiyo kampuni ya santuri ya Ujerumani ilipomwandikia Myrsini, binti wa miaka kumi na tisa aliyeshinda mashindano ya nyimbo ya mwaka ule wa 1971, familia haikuhitaji kujadili ni nani atakayefuatana naye. Mdogo wake Savvas, baba wa binti, alimwambia wakiwa wamesimama kizingitini, "Kaka, nakukabidhi. Ukisikia hata harufu tu, mrudishe. Usingoje moshi." Iordanis akatoa neno lake. Hakuwa mtu wa kutoa neno mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna yake. Kampuni ilikuwa na tuni moja, na tuni hiyo ilipaswa kuimbwa kwa Kigiriki, Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, ili kila nchi ipate santuri yake. Maneno ya Kigiriki Iordanis aliyasoma mwenyewe kabla ya safari: mama anashona shuka za harusi ya bintiye karibu na dirisha, basi. Aliyaridhia, akatia sahihi chini ya karatasi ingawa hakuna aliyemwomba sahihi. Zile nyingine tatu hakuziulizia. Aliamini kwamba ni mama yule yule na shuka zile zile, wamebadilishiwa lugha tu, kama vile hati moja ya mzigo inavyoandikwa kwa lugha nne.

Myrsini alijifunza kwa njia waliyoitumia waimbaji wote waliotoka kwao. Aliandika maneno ya kigeni kwa herufi za Kigiriki, kama yanavyosikika, juu ya karatasi kubwa, kisha akayabandika: Kifaransa kwenye kabati, Kiitaliano juu ya beseni la kunawia, Kijerumani kwenye kioo, hata ikawa hawezi kuchana nywele bila kusoma. Mwanzoni jambo hilo halikumsumbua mzee. Binti alikuwa akiimba asichokielewa, naye akisikiliza asichokielewa, walikuwa sawa.

Baadaye usawa ule ulivunjika. Frau Lindhorst, mama mwenye nyumba waliyopanga, alikuwa akisema neno jikoni, Myrsini akajibu, wote wawili wakacheka huku mikono ikiwa kwenye unga.

"Amesema nini?" Iordanis aliuliza.

"Kwamba supu imezidi chumvi, Ba'mkubwa."

Akainywa supu ile kwa uangalifu. Chumvi ilikuwepo, lakini kicheko kile kilikuwa kirefu kuliko chumvi yoyote aliyopata kuionja.

Kifaransa kikafuata, kisha Kiitaliano kikaanza kunyemelea. Kila lugha aliyoipata binti, mzee aliiona kama chumba kipya katika nyumba ile, na funguo zote anazo mtoto. Alikuwa na uwezo wa kuzuia barua, kusindikiza, kukaa kwenye kiti katika kila ukumbi na kila studio, kofia juu ya magoti. Asichokuwa na uwezo nacho ni kufungua sentensi na kutazama kilichofichwa ndani yake.

Mwezi wa Machi kampuni ililalamika. Walisema Myrsini anaimba Kijerumani kama mtu anayesoma karatasi ya dawa: sauti safi, lakini msikilizaji anajua kwamba hajui anachosema. Wakamleta mwalimu, kijana wa miaka ishirini na saba aitwaye Detlef Brandau, mwenye nywele zilizogusa ukosi wa shati na vidole vyenye wino. Iordanis alimtazama vidole kabla ya uso, kwa mazoea ya kazi. Akatoa masharti yake: masomo yafanyikie sebuleni, si usiku, mlango ubaki wazi kiasi cha upana wa kiti, na kiti hicho, kikiwa ukumbini, akikalie yeye.

"Anadhani nitakuiba?" mwalimu aliuliza, na Myrsini, pengine kwa utundu, akaitafsiri.

"Mwambie," alisema Iordanis, "wezi wote niliowakamata waliniuliza swali hilo hilo."

Wiki ya kwanza hakukuwa na jambo. Wiki ya pili alianza kusikia kitu kilichomfanya atege sikio. Hawakuwa wakiimba. Walikuwa wakizungumza. Mwalimu anasema kwa sauti ya chini, binti anajibu. Mwalimu anauliza, binti anasita, kisha anajibu tena kama mtu anayekubali. Na jambo baya zaidi, maneno yale yale yalirudiwa mara tatu, mara nne, kama watu wanaokula njama na kuhakikisha kwamba hakuna atakayesahau. Kisha kicheko. Kisha kimya, ambacho afisa yeyote wa forodha atakuambia kwamba ndicho cha kuogopwa.

Jumanne asubuhi Iordanis alitoa daftari lake dogo. Hakujua Kijerumani, lakini alijua herufi, na alikuwa ameona kwa miezi mitano jinsi inavyofanywa. Akaandika kila alichokisikia kwa herufi za Kigiriki, kama kinavyosikika, silabi kwa silabi, kwa mwandiko ule ulionyooka aliofundishwa kwa fimbo utotoni. Maneno yaliporudiwa alisahihisha. Yaliporudiwa tena akahakikisha. Kufikia adhuhuri alikuwa na ukurasa mzima usio na doa, na hakuelewa hata neno moja.

Aliupeleka kwa Prodromos.

Prodromos alikuwa mtu wa Kavala aliyefanya kazi miaka minane katika karakana za meli, kisha akafungua mkahawa karibu na gati, ambapo Wagiriki waliokuwa nje ya zamu walikunywa kahawa, wakacheza tavli, mchezo wao wa kete na dadu, na wakajua habari za kila mtu. Hakuna mwanamke aliyeingia pale. Siku ile walikuwapo wanaume wanne, dadu mkononi.

"Karibu, Mheshimiwa Forodha," Prodromos alisema. "Leo unakagua nini? Sukari yangu ni halali."

"Nisomee hii."

Prodromos akafuta mikono, akaisoma kwa sauti, na Kijerumani kikatoka kinywani mwake kizima, kama mtu aliyefufuliwa. Akawatazama wenzake, kisha akamtazama mzee.

"Umeipata wapi, kaka Iordanis?"

"Nimekuomba unisomee, sikukuomba uniulize."

"Haya. Anayesema ni mwanamke. Anasema: 'Kesho, treni ya saa nne, behewa la mwisho.' Halafu: 'Usibishe hodi, mzee yuko mlangoni.' Halafu hapa..." Akakohoa. "'Mzee wa mlangoni halali wala hasinzii. Ufunguo wangu umo ndani ya koti lake. Lakini nimejifunza kusema kwa lugha asiyoijua.'"

Dadu hazikutupwa. Mkono wa Iordanis ulikuwa umekwisha kufika kifuani wenyewe. Pini zote mbili zilikuwepo.

"Kuna zaidi?"

"'Nisubiri, nitakuja bila sanduku.' Basi." Prodromos akamrudishia daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake taarifa ya msiba. "Pole, mzee wangu. Zama zenyewe hizi."

"Mabinti wakipewa maikrofoni," mmoja wa wacheza tavli alianza.

"Wewe cheza," alisema Iordanis, "sijakuuliza."

Lakini alijua kwamba walichokisikia kingefika kila gati kabla ya jioni. Akaenda moja kwa moja posta, akaandika telegramu kwa mdogo wake: NAMLETA MYRSINI JUMAMOSI. HARUFU IMEKUWA MOSHI. Akaipitisha dirishani.

Hakumwambia binti lolote. Forodhani kulikuwa na kanuni: mshukiwa haonywi, hushikwa mzigo ukiwa mkononi. Usiku ule alikula chakula chake chote, akasema supu ni nzuri.

Jumatano ilikuwa siku ya kurekodi wimbo wa Kijerumani, na Myrsini alitakiwa studio saa tatu. Iordanis alisema jino linamuuma. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa binti huyo, na ulimwuma kuliko jino.

"Nibaki nawe, Ba'mkubwa?"

"Nenda. Umetoa neno lako kwa kampuni."

Binti akamtazama kidogo, mzee akaona katika mtazamo ule kila kitu alichotaka kukiona: wasiwasi, hesabu, furaha iliyofichwa. Alipotoka tu, akavaa kofia, akaenda stesheni.

Treni ya saa nne ilikuwepo. Hilo lilimtosha kuwa ushahidi wa kwanza. Alisimama nyuma ya kibanda cha magazeti, akaliangalia behewa la mwisho kama alivyoziangalia meli za Odessa. Wakaingia watawa wawili, mwanajeshi, mama mwenye mtoto na ndege wa kanari ndani ya tundu. Saa nne kasoro dakika tano alipanda mwenyewe, akapita kila chumba akitazama nyuso, akafungua hata mlango wa choo, hadi kondakta akamshika kiwiko na kumteremsha kwa maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Treni ikaondoka. Iordanis akabaki jukwaani, na badala ya kufarijika alishikwa na baridi. Wamemchezea. Walijua anasikiliza, wakampa treni ya uongo ili waondoke kwa njia nyingine. Akakimbia. Alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuwa amekimbia tangu vita.

Studioni, mlinzi alimfahamu, akamwacha apite. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Akasukuma mlango wa chumba cha mitambo bila kubisha, na fundi akainua kidole kumnyamazisha, kwa kuwa ng'ambo ya kioo Myrsini alikuwa amesimama, vipokea sauti masikioni, macho amefumba, akiimba.

Iordanis aliitambua tuni. Ilikuwa ile ya mama na shuka. Alitambua kwamba binti yupo, hajaondoka. Kisha akatambua jambo la tatu. Silabi zile alizijua. Alizijua moja moja. Akatoa daftari, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, na wimbo ukaanza kutembea juu ya mwandiko wake mwenyewe: kesho, treni, behewa la mwisho. Hakuna silabi iliyokosekana. Ilipofika kwenye kiitikio, fidla kumi na mbili zilipanda, na wanawake watatu wa Hamburg waliosimama kwenye kona, ambao hawakupata kumwona Iordanis maishani mwao, wakamjibu Myrsini kwa sauti tamu: mzee wa mlangoni, mzee wa mlangoni.

Hakuna mama. Hakuna shuka. Kila nchi ilikuwa na wimbo wake juu ya tuni ile ile, na yeye, aliyefungua mikate na matumbo ya samaki, hakuwahi kuomba kufunguliwa karatasi nyingine tatu.

Taa ikazimika. Fundi akasema neno kwa Detlef, aliyekuwa ameegemea ukuta, akiwa na penseli. Myrsini akaingia, uso umechangamka, akamkuta.

"Jino limepona?"

"Amesema nini fundi?"

Binti akasita. "Amesema mara ya kwanza leo nimeimba kama mtu anayeongea."

Iordanis akageuka, akakitazama kiti chake kando ya kioo. Kilikuwa kitupu tangu asubuhi.

"Muulize huyu ni nani aliyeandika maneno."

"Ni yeye. Yale ya kwenye kioo aliyafuta, akaandika mapya. Hiyo ndiyo kazi yake, Ba'mkubwa, huandika na kunifundisha. Ananifanya niyaseme kwanza kama mazungumzo, ndipo niimbe."

"Na mzee wa mlangoni ni nani?"

Detlef, bila kutafsiriwa, alishusha macho. Myrsini hakushusha.

"Wewe. Nani tena? Sikuandika mimi." Akavua uzi wa vipokea sauti ulionasa kwenye nywele. "Lakini sikuyakataa."

Kisha akaliona daftari. Akalichukua kutoka mkononi mwake, naye hakulizuia. Akasoma ukurasa wote, midomo ikicheza, na uchangamfu ukamtoka usoni polepole.

"Umeandika vizuri. Kuliko mimi." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Nani alikutafsiria?"

"Prodromos."

"Mbele ya watu?"

"Wanne."

"Kwa hiyo Wagiriki wote wa mji huu wanajua nimetoroka na mwanamume kwa treni ya saa nne." Alisema bila kupandisha sauti. "Na baba?"

"Nilipiga telegramu jana."

Myrsini aliketi kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Mwalimu akasogea hatua moja; mzee akamtazama, kijana akarudi ukutani.

Jibu la Savvas liliwakuta nyumbani saa nane mchana, mkononi mwa Frau Lindhorst: MLETE. MAMA YAKE HALI CHAKULA. Iordanis alilisoma amesimama. Mtu mwingine angeweza kulikunja, akalitia mfukoni, na mambo yakajiendea. Alilitandaza mezani mbele ya binti, kwa kuwa lilimhusu.

"Tiketi zipo?" Myrsini aliuliza.

"Zipo. Za Jumamosi."

"Basi nitafungasha. Nikibishana utasema nina cha kuficha. Nisipobishana utasema nimekubali kosa. Wewe niambie, Ba'mkubwa, mtu asiye na magendo husimamaje mbele yako? Mikono akiiweka wapi?"

Katika miaka thelathini na mmoja hakuna abiria aliyemwuliza swali hilo. Alitafuta jibu, akakuta kwamba alichokuwa nacho ni kanuni tu. Kanuni ilikuwa hii: mzigo uliokamatwa ukithibitika kuwa safi, haurudishwi kwa tarishi wala kwa dirisha la nyuma. Afisa aliyeukamata huufunga kwa mikono yake, humrudishia mwenyewe mbele ya mashahidi wale wale waliouona ukikamatwa, naye hutamka kwamba amekosea. Wenzake wengi walikuwa wakiikwepa kanuni ile. Yeye aliifuata mara mbili katika utumishi wake, na mara zote mbili hakulala wiki nzima.

"Vaa koti," alisema.

Mkahawani kwa Prodromos, mazungumzo yalikatika kama uzi. Mwanamke alikuwa amevuka kizingiti. Wale wanne walikuwepo, na wengine saba waliokuja kusikia habari.

"Kaka Iordanis," Prodromos alisema, akimtazama Myrsini kama mtu aliyeona maiti sokoni, "tulidhani..."

"Najua mlichodhani. Nilikileta mimi." Mzee akavua kofia. "Jana nilisomewa hapa karatasi. Nilidhani ni mazungumzo. Ni wimbo. Mtaununua kwenye santuri kabla ya Pasaka, na mtanisikia mimi mwenyewe nikiimbwa humo. Nilimshuku binti huyu mbele yenu, na nilikosea mbele yenu. Atakayesema vinginevyo atakuja kunieleza mimi."

Akafungua pini ya kwanza, kisha ya pili. Pasipoti ilikuwa na joto la kifua. Akampa.

"Hesabu kurasa," alisema, kwa kuwa ndiyo kanuni.

Myrsini alizihesabu kweli, moja moja, mpaka ya mwisho. "Zimetimia."

"Posta hufungwa saa kumi na mbili. Nitamwandikia baba yako: nilikosea, anabaki. Nitatia na jina langu lote."

"Na wewe? Unabaki?"

"Hilo litategemea wewe. Sina tena cha kulinda mfukoni."

"Kesho ni Kiitaliano, saa tatu. Uje ukae ndani ya chumba, mezani, ujifunze nami. Ukumbini hapana. Mimi sitaimba tena na mtu mlangoni."

"Nitajifunza," alisema Iordanis, kama mtu anayekula kiapo.

Mmoja wa wacheza tavli akacheka, dadu zikaanza tena kugonga mbao. Ndipo Prodromos, akiweka kahawa mbili mezani, akainama karibu na sikio la mzee. "Kila kitu nimekielewa, mzee wangu. Ila huyo mwalimu, alipoyaandika yale yote, ya treni na nisubiri, alikuwa anamwandikia nani?"

Swali hilo Iordanis alikuwa nalo tangu studioni. Lilikuwa limekaa pale pale palipokuwa na pasipoti. Alimwangalia Myrsini, ambaye bila shaka alikuwa amesikia, maana Prodromos hakujua kunong'ona. Binti aliitia pasipoti ndani ya mkoba wake, juu ya karatasi fulani iliyokunjwa mara nne, akaufunga mkoba, na bizimu ikalia.

Kwa mlio ule, afisa mkongwe alijua kwamba mkoba umefungwa juu ya kitu. Mkono wake uliinuka kwa mazoea, ukafika kifuani, ukakuta mfuko mtupu. Akaushusha, akachukua kikombe.

"Kwa Kiitaliano," aliuliza, "kahawa huitwaje?"